Fungu la Twilumba

Jumanne, tarehe tisa Juni, mwaka 2076, saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, bomba lililopita ukutani mwa nyumba ya Obadia Mlowe lilikohoa mara mbili kisha likanyamaza. Obadia alikuwa ameliegemea kwa mgongo, kikombe cha uji mkononi, akisubiri zamu yake ya saa nne. Alihisi joto linamtoka mgongoni polepole, kama mtu anayevuliwa blanketi na mwenzake asiye na haraka.

Pale Ludilo Juni si mwezi wa mchezo. Umande unaganda juu ya majani ya viazi, na shati lililosahauliwa kambani linakutwa asubuhi limekakamaa kama ubao. Kuni ni marufuku, mkaa ni kifungo. Joto ni la bomba, na bomba linatoka kwenye Tanuri, pale kilimani ambapo zamani palikuwa jalala la mji.

Akaligonga bomba kwa kijiko. Kimya. Akaweka uji chini, akanyanyuka, akaanza kupapasa kuta kama kipofu aliyepoteza mlango. Ukuta wa barabarani, baridi. Ukuta wa jikoni, baridi. Akafika kwenye ukuta anaochangia na jirani yake, Enosi Kihwelo, fundi cherehani, maana nyumba zile zilijengwa pacha pacha kama maembe yaliyoshikana. Akaweka kiganja.

Ukuta ulikuwa na vuguvugu.

Akaweka na kiganja cha pili, kisha shavu. Vuguvugu lile halikutoka kwake kwenda kwa jirani. Lilitoka kwa jirani kuja kwake, nalo lilikuwa linazidi. Huko ng'ambo Enosi alikuwa anaimba puani, taratibu, wimbo wa mtu aliyeamka vizuri.

Siku ile ilikuwa ya arobaini tangu Twilumba, mke wa Obadia, afariki. Obadia alikuwa hana shule ya kutosha kusoma mkataba wa bomba, lakini siku arobaini alijua kuzihesabu, na sheria ya Tanuri aliijua kama watu wote wa Ludilo wanavyoijua: siku ya arobaini, joto la marehemu linahama, linakwenda kwa yule aliyetajwa naye akiwa hai.

Miaka ishirini na saba ya ndoa. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba angeweza kutajwa mtu mwingine.

*

Ofisi ya Mafungu iko getini kwa Tanuri. Kuna joto mle ndani kiasi kwamba makarani wanavaa mikono mifupi, na hilo peke yake lilitosha kumpandisha Obadia hasira kabla hajafungua mdomo. Alipokelewa na Injinia Nuswe, binti wa miaka kama thelathini, mpole, mwenye miwani inayoingia ukungu kila mlango unapofunguliwa.

"Shikamoo, mzee Mlowe."

"Marahaba. Bomba langu limekufa."

Nuswe akatazama kioo cha mezani. "Halijafa, mzee. Limepungua. Limebaki fungu lako."

"Fungu langu ndilo hilo? Hata panya hawezi kuotea!"

Binti akaona haya. Akasema hata hivyo. "Nyumba yenu ilikuwa inapashwa na mama."

Ndivyo ilivyo Ludilo. Kila mtu mzima ana lakiri yake, kipande cha bati chepesi kinachofungwa shingoni mwa mfuko wa taka. Mfuko ukifika kilimani, Mizani, yaani ile mashine yenye macho juu ya koo la Tanuri, inaisoma lakiri, inaupima mfuko, inajua ni mkavu au umelowa, umechambuliwa au umevurugwa. Taka kavu inawaka kama msonobari. Moto unachemsha maji, mvuke unazungusha turbini, umeme unatoka. Mvuke ukishachoka kuzungusha haumwagwi, unapelekwa mjini kwenye mabomba, na hapo Mizani ndiyo inayofungua na kufunga koki. Aliyechambua vizuri anapashwa vizuri. Ukizembea, shauri yako na blanketi lako.

Na Twilumba alikuwa mchambuzi hakuna mfano. Maganda ya viazi aliyaanika juu ya bati hadi yakalia kama karatasi. Nailoni aliziosha. Magunzi aliyafunga vitita kama anapeleka sokoni. Miaka yote hiyo Obadia alikuwa akipita uani na kucheka. "Mimi nashinda na taka, Twilumba, halafu nije nilale na taka?" Yeye ndiye mwendesha kucha wa Tanuri, lile kono la chuma linalochota taka, mtu wa kwanza kukalia kile kibanda cha kioo juu ya shimo, na kwake taka ilikuwa kazi ya zamu. Ya nyumbani aliitupa ilivyo, mchuzi juu ya kitambaa, maji juu ya boksi, akaning'iniza lakiri yake, akasahau. Watu wa Tanuri karibu wote walikuwa hivyo hivyo. Waliouwashia mji moto walikuwa wanaota moto wa wake zao, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

"Nataka kusikia alivyomtaja," Obadia alisema. "Watu hufoji. Hapa watu hufoji kila kitu. Nataka nisikie ni yeye."

Nuswe akasita, kisha akabonyeza. Sauti ya Mizani ikatoka kwanza, ile sauti ya kistaarabu isiyo na kabila.

"Taja nyumba itakayopokea fungu lako."

"Kumi na saba B." Alikuwa ni yeye. Sauti nzito kidogo, ya mwimbaji, haina hata kikohozi.

"Nyumba yako ni kumi na saba A."

"Nyumba yangu naijua."

"Taja sababu."

Hapo pakawa kimya. Obadia aliinama karibu na meza. Katika kimya kile alisikia kiti kinalia, mtu anapita nje na toroli, na pumzi yake Twilumba, ikiingia, ikitoka, ikiingia. Sekunde kumi na moja, kioo kilionyesha. Kisha akasema: "Sababu si lazima, sivyo? Haya, endelea."

"Lini hii?" Obadia aliuliza.

"Machi mwaka juzi, mzee."

Machi mwaka juzi Twilumba alikuwa hajaumwa hata kichwa. Si homa iliyomsemesha. Mtu mzima, na akili zake, alifunga mlango akapanda kilima hiki, akaketi kwenye kiti hiki, akampa Enosi Kihwelo joto lake. Kisha akarudi nyumbani akapika.

"Rudisha pale kwenye kimya," Obadia alisema.

"Mzee..."

"Nimesema rudisha."

Alikisikiliza mara nne.

*

Alimkuta Enosi mlangoni pake, utepe wa kupimia shingoni, shati bila sweta. Bila sweta, mwezi wa sita! Enosi alikuwa mtu mwembamba, msafi, mgane kama yeye, aliyempoteza mkewe zamani. Suruali zake zilikuwa na mistari iliyonyooka kama reli. Jumapili alikuwa anaongoza kwaya, na Twilumba alikuwa anaimba sauti ya pili.

"Kamwene, baba Lupyana," Enosi akasalimu kwa jina la mtoto, kama wasalimiavyo watu wa huku.

"Usinikamwene. Umeamkaje?"

"Namshukuru Mungu. Ila joto limezidi ghafla, hadi nimefungua dirisha."

Obadia akadhani amesikia vibaya. Akageuka akalitazama dirisha. Kweli, lilikuwa wazi, na pazia linapepea kuelekea nje.

"Umefungua dirisha," akasema. "Joto la mke wangu unalitupa nje kwa kuku?"

Enosi akaelewa. Ulionekana ukimwingia usoni, ule uelewa, kama maji yanavyoingia kitambaani. Akakimbia ndani akafunga dirisha kwa kishindo, akarudi akiwa amepauka.

"Ndiyo hilo? Yesu wangu. Baba Lupyana, sikuliomba. Nilidhani koki imeharibika."

"Alikupa kwa nini?"

"Sijui."

"Mlikuwa mnakaa hapo uani mnabandua karatasi za chupa, mnacheka. Nikitokea, kimya. Leo hujui?"

"Tulikuwa tunacheka mambo ya kwaya. Wewe ukitokea ulikuwa unanuna, nani acheke mbele ya mtu aliyenuna?" Enosi alishika fremu ya mlango. "Ingia ndani, tuongee. Kuna chai. Au lete godoro lako huku, usigande kwa ajili ya hasira."

"Niingie nikaombe kuotea joto langu mwenyewe?" Obadia akatema mate pembeni, si mbali na kiatu cha jirani. "Nitakufa kwa baridi kwanza. Na nikifa, usije kunipima sanda."

Akaenda zake. Wivu wa kijana una miguu, unakimbia, unapigana, unaisha. Wivu wa mtu wa miaka sitini na mbili unakaa. Unavuta kiti. Usiku ule na uliofuata alijiviringisha katika makoti mawili, na alichokuwa akikisikia ni ukuta tu.

*

Lakini kulikuwa na jambo moja bado, na jambo hilo lilipita mikononi mwake.

Fungu la marehemu linahama siku ya arobaini kwa muda tu. Linathibitika pale mfuko wa mwisho unapoingia motoni. Mfuko wa mwisho ni mwekundu. Hufungwa na mawifi, mume haruhusiwi kugusa wala kuchungulia: nguo alizovaa marehemu siku za mwisho, foronya, kanga aliyofunikwa. Huwekwa stoo siku arobaini, kisha hushushwa shimoni, na Mizani inausoma ukiwa peke yake, bila kuchanganywa na kitu. Maisha mazima taka ya mtu inachanganywa na ya watu. Ni huo tu unaoingia motoni kipekee.

Alhamisi asubuhi ulishuka. Obadia aliuona kutoka kibandani, doa jekundu juu ya mlima wa kijivu. Redio ikakoroma.

"Mzee Mlowe, mgeni wako huyo," alisema Tusekile, mama aliyekuwa anaelekeza malori kule sakafuni kwa filimbi na matusi. "Pole, kaka yangu. Mchukue taratibu. Usimbane kama unavyobana viroba vya saluni."

"Nimesikia."

Akashika zile fimbo mbili. Kucha likashuka, vidole vyake sita vya chuma vikafunguka. Kazi ile aliijua kuliko alivyoijua sura yake. Taka mbichi ya sokoni unaichota huku, kavu ya maduka kule, unazinyanyua na kuziachia zichanganyike, maana moto hautaki kushtuliwa. Kwa miaka thelathini hakuna injinia aliyewahi kuketi pale akamfundisha. Walikuja wakamuuliza, wakaandika, wakaenda kupandishwa vyeo.

Kucha likaunyanyua mfuko mwekundu. Koo la Tanuri lilikuwa kushoto. Obadia akavuta fimbo kulia.

Akaupeleka hadi kona ya mashariki, panapomwagwa taka ya soko la mboga, kabichi zilizooza na maji yake. Akauweka chini. Akachota tani mbili za kabichi, akazimwaga juu yake. Akachota nyingine. Tusekile alikuwa amegeuka anamtukana dereva.

"Kihwelo," Obadia akasema kimoyomoyo, "sasa fungua dirisha."

Kwa siku nzima alijisikia vizuri kama mtu aliyetapika.

*

Ijumaa saa tano asubuhi Injinia Nuswe alipanda ngazi za kibanda akihema, chupa ya chai mkononi. Alikuwa binti mwema, na wema wake ndio ulioharibu kila kitu.

"Nimekuletea chai, mzee. Naona mfuko wa mama, Mizani haijauona. Umefukiwa, eti?"

"Shimo kubwa. Vitu hupotea."

"Usijisumbue. Na wala usiogope, hakuna atakayekulaumu. Usipopita hadi saa sita adhuhuri, fungu linaingia Fungu la Mji."

Obadia akaweka kikombe chini. "Linakwenda wapi hilo Fungu la Mji?"

"Bodi ya Tanuri ndiyo inapanga." Akafuta miwani. "Wiki hii wana wageni. Nadhani ni lile bwawa la kuogelea, pale Jumba la Bodi. Wamelalamika maji hayajafika joto."

Kutoka kibandani, ukitazama kwa kioo cha nyuma, Jumba la Bodi linaonekana juu ya kilima cha pili. Mvuke ulikuwa unapanda nyuma ya ukuta wake, mweupe, wa starehe. Obadia alikuwa akiuona kila siku, akiutukana kila siku. Wakubwa wale walitunga Mizani, wakatunga mafungu, wakamfanya kila mtu amwonee jirani yake kijicho kwa sababu ya bomba, ili asipate nafasi ya kutazama kilimani. Hilo alikuwa akilisema kwenye pombe hadi watu wakachoka nalo. Sasa maganda ya Twilumba, yale aliyoyageuza mojamoja juani akiwa na kanga kiunoni, yangekwenda kupasha matako ya mjumbe wa Bodi.

"Saa hizi ni ngapi?" akauliza.

"Tano na dakika kumi na mbili."

"Shuka, mwanangu. Nina kazi."

Alifukua kama mwendawazimu. Kucha lilipiga kona ya mashariki, likapanda na kabichi, likamwaga, likarudi. Usiku malori yalikuwa yameongeza. Tusekile akapuliza filimbi.

"Wee mzee! Unachimba kisima?"

"Uko chini! Kona ya mashariki!"

"Nani kauweka huko?"

Obadia akashusha kucha tena. Tusekile akasema redioni kwa sauti nyingine, "Haya. Malori yote simama! Ngoja nikuangalizie. Kushoto kidogo. Kushoto, kaka, huo ni mkono gani? Hapo. Shuka."

Saa sita kasoro dakika tisa wekundu ukaonekana. Akaubana kwa ncha za vidole, lakini uzito wa maji ulikuwa umeudhoofisha, na ulipopanda ukachanika ubavuni. Mkono wa sweta ukaning'inia. Sweta la kijani. Alilijua. Alimnunulia mwenyewe.

Akaleta kucha hadi mbele ya kioo, karibu kabisa, kinyume cha taratibu zote. Mkono wa sweta ulikuwa unabembea mbele ya macho yake, na kiwikoni palikuwa na kiraka.

Kiraka kile hakukijua. Kitambaa cha suti, kijivu, chenye mstari mwembamba, kimeshonwa kwa mshono wa kufichwa, uzi usioonekana hadi usogeze pua. Mkono wa fundi. Si mshono wa kazi ya kupokea na kurudisha jioni ileile. Mtu alikuwa ameketi na kiwiko kile akakitulizia moyo. Na Twilumba alikuwa amelivaa sweta lile mbele yake, mezani, kitandani, mwaka au miaka, na yeye hakuwahi kutazama kiwiko.

Koo la Tanuri lilikuwa wazi. Pembeni yake taa ya Mizani ilikuwa inangoja, kijani, kama jicho la paka.

"Mzee," Tusekile alisema polepole redioni. "Dakika nne."

Vidole vyake vilikuwa juu ya fimbo. Angeweza kuurudisha kwenye kabichi. Angeweza kuushusha sakafuni, ashuke mbio, akate kile kiraka kwa meno akakichome peke yake. Roho ilimwambia: mpe Kihwelo na utakuwa umewafungia ndoa kwa mkono wako. Roho hiyohiyo ikamwambia: usimpe, na kina bwana wakubwa wataoga naye. Akatafuta njia ya tatu, mahali ambapo joto la mkewe lingekuwa lake, na akagundua kwamba njia hiyo ilikuwapo miaka ishirini na saba, uani pake, na kwamba ilikuwa inataka tu mtu akae chini abandue chupa.

Akasukuma fimbo kushoto. Akafungua kucha.

Mfuko ukaanguka, sweta likitangulia. Mizani ikalia mara moja. Kwenye ukuta wa kibanda mshale wa kipimo cha moto, ambao kwa mfuko mmoja huwa hautikisiki, ukapanda unywele mmoja, ukakaa hapo kitambo, ukashuka.

"Umepita," Tusekile alisema. Kisha akapuliza filimbi na kuanza kuwatukana madereva upya.

*

Zamu iliisha saa tisa alasiri. Jua lilikuwepo lakini halikuwa na faida, jua la Juni la Ludilo ni picha tu. Obadia aliteremka kilima na ovaroli lake linalonuka kabichi, akapita wanawake wanaoanika maganda juu ya mabati, akapita mlango wake mwenyewe, nambari kumi na saba A. Hakuugusa. Alisimama mbele ya B.

Alikuwa ameyapanga maneno njiani. Yalikuwa mawili matatu, makali, yakianza na kiraka. Akagonga.

Enosi alifungua akiwa na sindano mdomoni. Akaitoa, akaichomeka kolani. Akamtazama Obadia kuanzia viatu hadi kichwani, na hakutamka kamwene. Joto likatoka mlangoni likampiga Obadia usoni na kifuani, joto lile lile la miaka yote, akalijua.

Enosi akasogea pembeni, mgongo ukutani, akaacha njia wazi.

"Joto linatoka, baba Lupyana," akasema. "Umekuja kukaa, au umekuja kuuliza?"